Mama Pindo na Alama za Kupokezana

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, msimamizi wa chumba cha kukunja anastaafu. Kiwanda kizima cha ufuaji kinamwita Mama Pindo, maana shuka ikipita mbele yake hukagua kwanza pindo, kisha katikati, kisha pindo tena. Taarifa ya ofisi inasema anastaafu mapema kwa hiari yake. Hilo la hiari tutalieleza humu, kwa sababu kijitabu hiki cha hafla tumekiandaa wenyewe, sisi wa chumba cha kukunja, na hakuna aliyekuja kutusahihisha.

Alianzia chini kabisa, kwenye kuchambua nguo chafu za hospitali na hoteli, kazi ambayo wengi huikimbia wiki ya kwanza. Yeye alijikaza kisabuni. Huko ndiko alikookota meno ya bandia ndani ya foronya, akagoma kuyatupa, akapiga simu hoteli moja baada ya nyingine hadi mwenyewe akapatikana. Mzee yule alikuja kuyachukua amejifunika mdomo kwa leso, akashukuru kwa ishara, akageukia ukutani, na alipotugeukia tena alikuwa anatabasamu meno yote. Mama Pindo alilisimulia jambo hilo kila mgeni alipoajiriwa, na kila mwaka mzee alizidi kuwa tajiri.

Kutoka uchambuzi alipelekwa kwenye vikausho, kisha chumba cha kukunja, ambako hakutoka tena. Kwa wasioujua ukunjaji: shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnaikung'uta, mnasogeleana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, mnarudi nyuma, mnaanza tena. Mmoja akizubaa, shuka inakwenda upogo. Ndiyo maana tuliitana wake wenza, kwa kuwa tulikuwa wawili kwa shuka moja, na wageni waliotusikia walituonea huruma bure.

Jozi alizipanga mwenyewe, kwa kimo na kwa tabia. Msemaji alimpa mkimya. Waliogombana aliwaweka meza moja hadi wapatane, akisema pembe hazikutani kwa watu walionuniana. Alikuwa mkali, tusimpambe. Mkunjo mbaya aliufungua mbele ya watu wote, na ukijitetea alikwambia uitetee hiyo shuka kwa mgonjwa atakayelalia mikunjo. Lakini hakuna aliyewahi kwenda kulia chooni kwa sababu yake. Ulikasirika, ukakunja upya, na saa ya chai mkacheka.

Kisha zikaja tathmini za utendaji. Ofisi iliagiza kila mfanyakazi apewe alama, moja hadi tano. Mwaka wa kwanza Mama Pindo aliwapa wote wawili wa kila jozi alama sawa. Zikarudishwa. Akaambiwa watu wawili hawawezi kulingana, lazima mmoja awe juu. Akawaambia, kwa sauti ile ile ya kukagulia pindo, waonyeshe basi ni nusu ipi ya shuka iliyokunjwa vibaya. Hawakucheka.

Ndipo akabuni zamu. Mwaka huu wewe tano na mwenzako tatu, mwakani mnabadilishana. Hakuficha kwetu. Alitukusanya akatueleza, nasi tukaona ni haki, kwani alama zenyewe zilikuwa za kubandika picha ubaoni na kupeana mkono na meneja. Tukataniana: kula tano yako, lakini ukumbuke ni ya kuazima. Miaka ikapita hivyo, na ofisi ikatusifu kwa kuwa na tathmini zenye mpangilio mzuri kuliko chumba chochote.

Mwaka huu hoteli mbili kubwa zilihamisha nguo zao kwingine, na tangazo la kupunguza wafanyakazi likabandikwa. Chumba cha kukunja hatukushtuka sana. Tulijua kazi yetu, na kila mmoja wetu alikuwa na tano zake za kujivunia. Ofisi iliangalia alama za mwaka jana tu. Tulikuwa jozi nne. Katika kila jozi, aliyekuwa na zamu ya kupewa tatu aliondolewa, na aliyekuwa na zamu ya kupewa tano akabaki. Jioni ile kila meza ilikuwa na mtu mmoja.

Miongoni mwa wale wanne alikuwamo wifi yake Mama Pindo, mdogo wa mumewe, mjane, ambaye yeye na wanawe wanaishi nyumbani kwake. Na alikuwamo mwandishi wa maneno haya.

Mama Pindo alipanda ofisini bila kuvua aproni. Alimweleza meneja ukweli wote, kwamba zile hazikuwa alama za kazi, zilikuwa zamu. Meneja si mtu mbaya, na jibu lake tunaliandika kama alivyotuletea Mama Pindo mwenyewe: "Lakini Mama, sisi tumefuata ulichotupa wewe." Alisema hajawahi kuambiwa neno zito kama hilo.

Siku ya pili alipanda tena, akatoa nafasi yake. Yeye aende, wanne warudi. Meneja akakubali mmoja. Na akasema safari hii hataki zamu: Mama Pindo amtaje anayefanya kazi vizuri kuliko wenzake, basi.

Wanaouliza kama alama nzuri humkinga mtu, tuwaambie pia ya chumba cha pasi. Kule msimamizi alitoa alama kwa haki tupu, na fundi mmoja wa pasi hakuwahi kukosa tano. Chumba hicho kilifungwa chote, wenye tano na wenye mbili wakatoka mlango mmoja. Sisi tuliobaki tulibaki kwa sababu ya zamu, na yule fundi angekuwa kwetu mwaka wake wa kupewa tatu, angeondoka pia.

Wale wanne tuliitwa tusubiri kwenye meza ya mwisho, ile iliyo karibu na dirisha la mvuke. Wifi alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameshajifunga aproni, akituahidi kwamba atatuombea kazi akisikia nafasi kwingine. Hatukumchukia kwa hilo. Nani kati yetu asingefikiri hivyo? Wanakula sufuria moja, watoto wake wanamwita Mama Pindo mama.

Mama Pindo aliingia, hakukaa. Alimnyooshea mkono mwandishi wa maneno haya, akasema ni huyu. Kisha akamgeukia wifi yake: "Wewe unakunja vizuri. Huyu anakunja vizuri zaidi. Wameniuliza kazi, wifi yangu, nami nimejibu kazi."

Wifi alifungua aproni, akaikunja peke yake, akaiweka mezani, akatoka. Tangu siku ile hajamsemesha. Wanaishi nyumba moja, wanapishana ukumbini, na maneno yanapitia kwa watoto.

Yapo mawazo mawili humu chumbani. Wengine wanasema angemrudisha ndugu yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Wengine wanasema ile ilikuwa alama pekee ya kweli aliyoruhusiwa kutoa, na akaitoa ilipomuuma zaidi. Mwandishi hajui yuko upande gani. Anashukuru kila asubuhi, na kila asubuhi anaona vibaya kushukuru.

Mama Pindo, katika miaka yote hii umetufundisha kushika pembe, kusubiriana, na kutoona haya kufungua mkunjo mbaya tukauanza upya. Umepeleka shuka safi kwa wagonjwa ambao hutawajua. Umetugombeza kwa haki na umetutetea hadi ukaishiwa na cha kutoa. Asante. Kiti chako mbele ya ukumbi kimeandaliwa, na cha pembeni yake tumemwekea wifi yako. Tumempelekea mwaliko mara mbili, hajajibu.

Wastaafu huombewa maisha marefu, afya na mapumziko, nasi tunakuombea hayo yote. Lakini kuna moja tunaliombea kuliko hayo: leo jioni, hafla ikiisha, ukifika nyumbani na kutoa salamu mlangoni, aitikie.