Karafuu Niliyoikataa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wakuu wa maktaba, Bi Indu uliyetoka Queensbury kwa basi na baridi hii, ndugu wageni waalikwa: karibuni kwenye ufunguzi wa maonyesho haya, siku ambayo pia ni yangu ya mwisho kazini.

Nimeombwa nimsifu Kalpana, mwenzangu kijana wa hapa maktaba. Nitamsifu, lakini nina wivu naye, na afadhali mlisikie hilo kutoka kinywani mwangu.

Mnauona mchoro huu wa mkarafuu, uliochapwa Amsterdam zaidi ya miaka mia tatu iliyopita? Umekaa stoo miaka ishirini na mbili kwa sababu yangu. Niliandika kwenye jalada lake: "Si mkarafuu. Mchoraji kabuni." Nani angebishana nami? Mimi mtu wa Pemba, nimeikwea mikarafuu tangu nina miaka saba! Kwetu karafuu huchumwa kabla haijachanua, na mchumaji anayeacha hata shada moja mtini huchekwa. Matunda manene kama haya ya mchoroni ningeyaonea wapi?

Kalpana, aliyezaliwa hapa London na hajawahi kushika tawi la mkarafuu, hakubishana. Alimpelekea bibi yake nakala ya picha. Bi Indu, aliyekuwa akiotesha miche nyuma ya duka lao Wete kabla ya Mapinduzi, akasema: "Hizi ndizo zilizoachwa ziive, za kupandia. Huyo Shaame wako kazoea kuchuma tu."

Kazoea kuchuma tu! Liliniuma, kwa kuwa ni kweli.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mwezi wa Machi Kalpana aliniletea ripoti yake kuhusu mchoro huu, akaniambia, "Anko Shaame, nataka uisome wewe kwanza." Niliisoma siku ile ile, nikaifungia drooni hadi Septemba. Kila alipouliza nilimwambia nina kazi nyingi. Kazi gani? Nilikuwa nakunywa chai na kununa.

Kalpana, hukunishtaki kwa mtu. Hata hilo nakuonea wivu.

Bodi imenipa mkasi nikate utepe. Njoo uushike wewe. Bi Indu, simama na mjukuu wako. Na kile kibandiko ukutani, Kalpana, kinachotaja aliyeutambua mchoro, asubuhi nilikikuta na majina mawili, lako na langu, kwa mwandiko wako. Langu nimelifuta. Mkono ulikuwa mzito, lakini nimelifuta.

Ahsanteni kwa kumvumilia mzee mwenye kijicho.