Mwaka wa Magulio Thelathini na Sita

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, ndugu wa Mabira, wa Kamuli, na nyote mliokuja kutushika mkono leo Alhamisi, tarehe 13 Juni 1996, Tumsifu Yesu Kristo. Anayewasomea ni Egbert, mdogo wake marehemu, aliyepewa kazi hii na familia kwa sababu, wanavyosema, ndiye aliyegombana naye mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayemjua.

Marehemu Mzee Anatory Ndyamukama alizaliwa hapa Mabira tarehe 4 Machi 1932, hivyo ndivyo kinavyosema cheti chake cha ubatizo, ingawa mwenyewe hakukikubali mpaka anakufa, akidai kwamba katekista aliandika siku aliyopata wino, siyo siku aliyojifungua mama yetu. Alianza shule ya misheni Januari 1942, akamaliza darasa la nne Novemba 1945, akarudishwa nyumbani kuchunga ng'ombe wa baba, na walimu walisikitika, maana hesabu alizimeza kama uji.

Mwaka 1955 aliajiriwa karani wa kupima kahawa katika chama cha ushirika, akakaa kwenye mizani hiyo mpaka vyama vilipovunjwa mwaka 1976, ndipo serikali ya kijiji ikampa ukarani wa gulio letu, ambalo kama mnavyojua hufanyika kila tarehe 5, 15 na 25. Tarehe 27 Julai 1957 alifunga ndoa takatifu na Costansia Mukamusoni, binti wa familia iliyotoka Rwanda kufanya kazi za shamba, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Yustus, na kitinda mimba Renatha, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1966 na kupendwa na baba yake bila kificho, hata wenzake wakalalamika.

Sasa tufike kwenye lile jambo, maana kulificha mbele ya watu wa Mabira ni sawa na kuficha moshi. Jumamosi tarehe 4 Februari 1978 wauza dagaa walifika na magunia yao wakakuta uwanja mtupu, walikuwa wamehesabu siku kumi tangu gulio la Januari 25, wakasahau kwamba Januari ina siku thelathini na moja, nao wakamtukana karani, na karani badala ya kuwacheka akasema wao ndio wako sahihi, mwenye makosa ni Januari. Tangu siku hiyo kaka yetu hakukaa kitako tena. Alitengeneza mwaka wake mwenyewe, wa magulio thelathini na sita, kila gulio siku kumi, magulio matatu ni mwezi, na siku tano zinazobaki akaziita siku za kupumua. Mwaka ulianza tarehe 10 Septemba, mvua za kupandia zinaposhika, na miezi aliipa majina ya kazi na vyakula vyetu, Mwezi wa Jembe, Mwezi wa Maharage, Mwezi wa Senene, Mwezi wa Kahawa, kila Septemba akafungua daftari jipya na kupanga kila kitu upya, maana alichokipenda jana leo kilimkera.

Mwaka 1980 alipeleka pendekezo kwenye mkutano wa kijiji, wakamwambia wataliangalia, mwaka 1983 akalipeleka parokiani, padre wa wakati huo akamuuliza Jumapili ataiweka wapi katika juma la siku kumi, akajibu kwamba Mungu hawezi kushindwa kungoja siku tatu zaidi, lo, nusura atolewe kwenye halmashauri ya walei, na mwaka 1986 aliendesha baiskeli mpaka wilayani, akapigiwa muhuri wa kupokelewa na hakujibiwa mpaka leo. Hata akiwa anakula, aliacha tonge akatoka nje kutazama wingu, kisha akarudi kufuta mstari. Shemeji Costansia alizoea kusema kwamba nyumba hii ina kalenda tisa na jembe moja, na jembe lenyewe analishika yeye. Watu walicheka, naye alicheka pia, maana akili ni nywele, na hadi hapo kalenda ilikuwa haijamdhuru mtu.

Ikamdhuru Renatha. Mwaka 1988 kijana wa Mzee Rwegasira wa Bweranyange alileta barua ya posa, Renatha alimpenda, sisi tulimpenda, na marehemu akajibu kwa mwandiko wake mzuri kwamba ujumbe upokelewe tarehe 12 ya Senene. Kwake hiyo ilikuwa Novemba 20, lakini Bweranyange walisoma Senene, panzi wetu wa kula wanaoruka Novemba, wakajua ni Novemba, wakafika Jumamosi tarehe 12 Novemba, watu kumi na watano waliovaa vizuri, wamechoka kwa safari. Ndizi za rubisi, pombe ya kuwapokelea wageni, hazijavundikwa, ziko bado migombani, jikoni kuna kiporo cha maharage, na mwenye nyumba anatoka zizini na samadi mpaka magotini. Hata hapo mambo yangerekebishika, jamani, neno moja tu la kuomba radhi lingetosha, wageni wangekunywa maji na kungoja, lakini kaka yetu aliingia ndani akatoka na daftari, akasimama mbele ya wakwe akawaeleza kwa karibu saa mbili kwamba waliokosea siku ni wao. Mzee Rwegasira alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu, akaondoka na watu wake. Mwaka uliofuata kijana alioa kwingine.

Renatha alifunga mzigo wake akahamia Kamuli kwa shangazi yake Kyarimpa, hajaolewa mpaka leo, na tangu hapo baba na binti walisalimiana misibani tu, shikamoo, marahaba, basi. Tulimwambia marehemu aende akaongee na mtoto, akajibu kila mara kwamba siku bado, nasi tukamwita mkaidi, na anayewasomea alimwita maneno mabaya zaidi ya hayo.

Januari mwaka huu alianza kuugua shinikizo la damu, tarehe 22 Mei akalazwa, Renatha akaja akamfulia na kumpikia uji siku zote ishirini, wakaongea habari za mvua. Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, Mungu alimwita, akiwa na umri wa miaka 64.

Jana tulifungua madaftari yake tukitafuta tarehe za kuandikia historia hii. Katika yote saba, kuanzia Septemba 1989, mna siku moja aliyoizungushia wino mwekundu, haina gulio wala mkutano, imeandikwa, Kwenda kwa Renatha kuomba radhi. Ameifuta na kuisogeza, baada ya maharage, kabla ya senene, baada ya kahawa, mwaka 1992 peke yake ameisogeza mara kumi na moja. Dada Kyarimpa ndipo akatuambia kwamba siku moja ya mwaka 1993 alimwona amesimama na baiskeli yake mwanzo wa shamba la migomba kule Kamuli, muda mrefu, kisha akageuza. Mwaka huu ameiweka tarehe 13 ya Kahawa, yaani Jumanne ijayo, Juni 18.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliombeba kwa machela mpaka barabarani mvua ikinyesha, Baba Padre na jumuiya, makarani wenzake wa gulio, na wauza dagaa, ambao tumewaona hapa tangu asubuhi.

Renatha ameomba neno lake lisomwe, naye amesimama hapa kaburini. Anasema, Baba, usihangaike tena na Jumanne, nimekusamehe leo, na mimi pia nilikuwa na miguu ya kuja Mabira, sikuja, unisamehe.

Kaka, hakuna siku nyingine ya kupanga, lala, upumzike kwa amani.