Ndege ya Kitsao Iha Haikuanguka

Wachungaji, wazee wetu, jamaa na majirani mliofika hapa Garsen kutoka Hola, Wenje, Chara na Malindi, familia inawasalimu, na kwa idhini yenu mtoto wa pili wa marehemu, Nyevu Kitsao, anasimama kusoma maisha ya baba yake kama yalivyokuwa, si kama yalivyochapishwa kwenye karatasi mlizopewa mlangoni.

Marehemu Kitsao Iha Kenga alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Marafa, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Iha Kenga na marehemu Mama Nyevu Thoya, na mwaka 1966, mvua zilipogoma kwao, wazazi wake walibeba watoto na majembe wakaja kulima mpunga na ndizi kando ya mto Tana, ambako Kipokomo na Kiorma vilimwingia kichwani kabla Kiingereza hakijamfikia.

Alianza shule ya msingi hapa Garsen Januari 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, na Februari iliyofuata akapelekwa Malindi kujifunza useremala kwa Fundi Kaingu, ambaye hakumruhusu kushika randa mpaka alipoweza kuchora mlango mzima kwa penseli bila kufuta.

Alirudi mwaka 1978, akafungua karakana nyuma ya soko, na tangu hapo wengi wenu mmekalia madawati yake, mmefunga milango yake, na mmezika watu wenu ndani ya majeneza yake. Juni 1981, akiezua nyumba ya zamani ya wamishonari huko upande wa chini wa mto, alikuta darini kitabu cha Kijerumani, nusu yake chakula cha mchwa, nusu yake michoro ya ndege zisizo na injini. Kijerumani hakukijua, lakini mchoro wa mbao seremala yeyote anausoma.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na Truphena, wakajaliwa watoto watatu, Iha, Nyevu na Zipporah, na wajukuu sita, na ni Mama huyu mnayemwona amekaa pale aliyeshona kwa cherehani yake ya miguu kitambaa cha marekani cha mabawa yote mawili ya ndege ambayo marehemu aliijenga kwa kufuata michoro hiyo, akakipaka uji wa muhogo ili kikaze, kisha vanishi, huku watu wakipita dirishani wakimwuliza kama mumewe anamjengea Mungu tiara.

Marehemu aliwajua wabunifu wa ndege hizo duniani kote kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira, Wajerumani walionyimwa injini baada ya vita vya kwanza vya dunia wakapanda mlimani na ndege zao hivyo hivyo bila injini, Wapolandi, Wahindi, Wabrazili, na alikuwa akisema kwamba katika hao wengi walianguka, wengine walikufa, na leo wana sanamu na mitaa yenye majina yao. Yeye hakuanguka hata mara moja, na ndiye aliyeandikwa kuwa ameanguka. Familia inaomba radhi kwa kusema hivi msibani kwa uchungu, lakini tumenyamaza miaka kumi na minne na imetosha.

Jumamosi tarehe 19 Februari 2011, saa tano na nusu asubuhi, kwenye uwanda wa malisho magharibi ya mji, pikapu ilivuta ndege hiyo kwa kamba ya mita mia tatu, ikanyanyuka, marehemu akaachia kamba, na akaelekea pale alipoonyeshwa na rafiki yake mfugaji, Mzee Adano Gollo, ambaye tangu utotoni alijua ni sehemu gani ya uwanda hewa ya moto hupanda, kwa kuwa ndipo tai huzunguka bila kupiga bawa. Alizunguka pamoja na tai hao dakika kumi na moja, kisha akashuka katikati ya ng'ombe wa Mzee Adano, akatoka, akaomba maji.

Saa moja baadaye alifika ofisa, ambaye familia haitamtaja wala kuitaja ofisi yake, akauliza injini iko wapi, akaambiwa ndege haina injini, na badala ya kuamini akaamuru vijana wanane waitafute nyasini kwa saa mbili nzima. Walipoikosa, alikaa juu ya boneti akaandika ripoti ya mistari miwili, kwamba chombo kilianguka na kwamba injini haikupatikana. Mzee Adano alimfuata akamwambia, "Mimi naona kwa macho yangu. Hii ndege imekaa chini pole pole kama korongo. Ng'ombe hata moja haikukimbia." Akajibiwa kwamba ushahidi wa ndege hutolewa na wanaojua ndege.

Kwa neno moja la ripoti hiyo, "kilianguka", marehemu alipigwa marufuku kuruka, ndege ikachukuliwa kama kielelezo, na bawa la kushoto, kazi ya mikono ya Mama yetu, likawekwa juu ya nguzo nne kuwa kivuli cha pikipiki za ofisi. Kila tarehe 19 Februari, kuanzia mwaka 2012 hadi mwaka huu, mara kumi na nne, marehemu alivaa koti lake la kahawia akaenda Hola kuomba neno hilo libadilishwe, hakudai fidia, hakudai ndege, na mara zote kumi na nne aliambiwa faili halionekani.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, tarehe 3 Novemba 2025 alilazwa hospitalini, na Jumanne tarehe 11, alfajiri, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Juzi ofisi hiyo hiyo imetuma rambirambi, ikimsifu kama mzee jasiri aliyenusurika ajali ya ndege, na kamati yetu ya mazishi, kwa haraka tu, ikayanakili maneno hayo katika mstari wa tisa wa karatasi mlizonazo. Familia inaomba kila mwenye kalamu aufute mstari huo sasa hivi, aandike juu yake: alitua salama.

Wakati kalamu zinapitishwa, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili bila kulala, na mwenye pikapu ile, ambaye bado ameihifadhi kamba. Mzee Adano haandiki, kwa hiyo tunamwomba asogee, wino uko hapa mezani, aweke kidole chake gumba kwenye mstari wa tisa wa nakala hii ya familia, mbele yenu nyote.

Ahsante, Mzee. Baba, imeandikwa, na shahidi ametia kidole. Vua koti lako upumzike, huna tena safari ya Hola.