Marehemu Stanley Sugden, Spika Zake na Wivu Wake

Ndugu, jamaa, majirani na wanachama wenzake wa klabu ya santuri, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Stanley Sugden, na mjane wake, Beryl, ameagiza tusiufiche wivu wake, kwani, kama alivyosema leo asubuhi, "Mkimsoma Stanley bila wivu, watu watadhani tunazika mtu mwingine."

Stanley alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini Slaithwaite, karibu na Huddersfield, mtoto wa pili wa mfumaji wa sufu, akasoma shule ya kanisa hapo hapo kijijini, na mwaka 1953 akaingia kiwandani kujifunza ufundi wa mitambo ya kufumia, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 1 Juni 1963 alifunga ndoa na Beryl Haigh, mwimbaji wa kwaya ya kanisa letu hili la Methodisti, wakajaliwa Janet mwaka 1965 na Philip mwaka 1968. Kwa kuwa mchana kutwa aliishi ndani ya kelele za mitambo, jioni alitaka muziki safi, akajinunulia kiti kizuri, akakiweka katikati ya sebule, sawasawa mbele ya spika zake mbili, na Beryl akakaa pembeni, dirishani, akifuma sweta.

Msimu wa majani kupukutika mwaka 1999, Keith Oldroyd, rafiki yake wa tangu kiwandani na mwenzake wa klabu, alinunua spika ndogo za kuweka rafuni, za mbao za mjozi, akawaalika Stanley na Beryl. Uliwekwa wimbo wa mama mmoja na piano, na kabla ubeti wa pili haujaisha machozi yakamtoka Beryl, akasema, "Stanley, huyu mama yumo humu chumbani, nimemsikia anavuta pumzi!" Stanley, ambaye mkewe hakuwahi kumlilia santuri hata moja nyumbani, aliaga mapema, na njiani akasema, "Yule Keith hana hata masikio," naye Beryl akajibu, "Masikio hana, lakini spika anazo."

Tangu siku hiyo Stanley hakutulia. Kama ilivyo desturi ya wenzetu hawa wa klabu, aliazima spika dukani, akazipeleka nyumbani kuzisikiliza Jumamosi na Jumapili kabla ya kuamua, akarudisha, akaazima nyingine, na kila mara akauliza, "Je?" Beryl akajibu, "Nzuri, mpenzi." "Nzuri kama za Keith?" Hapo Beryl aliinamia sweta lake. Mwisho alileta zile zile za Keith, mbao zile zile, akajibiwa "nzuri" ile ile, ndipo alipoamini kwamba kilichomliza mkewe si spika bali ni mwenye spika, akaacha kwenda klabu, na Keith alipopita na keki ya tangawizi, aliipokelea mlangoni, akashukuru, akafunga mlango.

Mwezi Aprili 2001 yeye na Beryl walikwenda Leeds, dukani kwa Bi. Hilary Crabtree, aliyekuwa na chumba cha kusikilizia chenye kiti kimoja, na Stanley akakiendea kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Bwana Sugden, hebu simama, leo akae mama."

"Mnunuzi ni mimi!"

"Na yeye ana masikio."

Beryl alikaa, wimbo ukaanza, akalia tena, na Stanley, aliyesimama ukutani, akasikia muziki umelalia upande mmoja, spika ya karibu ikiimeza ya mbali, wala mwimbaji hakuonekana yuko popote. Aliuliza polepole, "Hivi ndivyo unavyosikia ukiwa dirishani?" Beryl akajibu, "Ndivyo. Kiti cha katikati ni chako, Stanley. Kwa Keith nilipishwa."

Siku hiyo Beryl ndiye aliyechagua. Stanley alipenda zile zenye sauti kali na ya kung'aa, zilizosifiwa na klabu nzima, lakini Beryl alisema, "Zile zinaimba zipigiwe makofi, hizi zinaimba tu," wakabeba hizi, na nyumbani wakapanga viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, Beryl mbele. Keith akaruhusiwa kuingia tena, ila alikalishwa dirishani.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017, akalazwa tarehe 9 Novemba 2018, akafariki alfajiri ya tarehe 22 Januari 2019, Beryl na watoto wakiwa kando yake. Wiki ile ya mwisho alimwambia Keith, "Nikiondoka, usimwalike Beryl kwako kusikiliza muziki." Keith akasema, "Bwana wee, nina miaka themanini na moja!" Stanley akajibu, "Na sitini na moja uliponilizia mke, ilikuzuia nini?" Wakacheka hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha, na Keith akaahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa mzima kwa chai na vyakula, mafundi wenzake wa kiwandani, Bi. Hilary, na wewe Keith, uliyekuja kila siku ingawa ulijua utakavyopokelewa.

Stanley, mkeo anasema wivu wako ulimchosha miaka mingi, na kwamba siku ile ya kwanza, machozi yakimtoka, alikuwa anatamani wewe ndiye uliyemwekea ule wimbo. Lala kwa utulivu, ndugu yetu, hakuna aliyekunyang'anya.