Nguo Mbili za Kwaya

Ndugu zangu, akina mama wa kwaya, na ninyi wazee mliokaa karibu na mlango ili mtoroke nikizidisha, nawasalimu kwa jina la Bwana. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme nilivyopona. Nitasema. Lakini nikikasirika katikati mniwie radhi, maana mambo mengine hata leo nikiyakumbuka damu inachemka.

Mnanijua. Mimi ndiye fundi wa nguo pale karibu na soko la Voi, na karibu kila sketi iliyomo humu nimeipima kwa mikono hii. Miaka ile mwili wangu ulikuwa ukijaa kama pipa lililosahauliwa chini ya mfereji. Sare yangu ya kwaya niliifumua pembeni nikaiachilia ipanuke. Nikaifumua tena. Mwisho hapakuwa na kitambaa cha kuachilia, nikatia kipande cha rangi inayokaribiana, na wakati wa kuimba nikawa nasimama nyuma ya wenzangu ili kipande kisionekane. Magoti yalilia. Presha ikapanda. Kwenda dukani nilipumzika kila penye kivuli, na mnajua Voi vivuli vilivyo haba.

Vijana wa stesheni wakanipa jina: Tenki. "Tenki linapita, shikeni kofia!" "Tenki, leo umejaa au nusu?"

Msidhani nilikaa tu. Nilikunywa ndimu asubuhi mpaka meno yakafa ganzi. Nilifunga kula. Nilitembea kando ya reli, jua likinipiga utosini, vumbi jekundu likinipaka mpaka kwenye kope. Nikapungua, nikashangilia, nikarudi pale pale na nyongeza juu yake. Kila mara hivyo. Sasa mtu aliyeshindwa namna hiyo, hofu yake haiko mahali mnapodhani.

Daktari wa presha akanituma Nairobi, kwa daktari wa upasuaji aliyesomea ng'ambo. Huyo akanieleza kwamba atanipasua, afunge sehemu kubwa ya tumbo la chakula kwa pini ndogo za chuma, ubaki mfuko mdogo tu, nile kidogo nishibe.

"Kama kubana nguo kiunoni," nikamwambia.

"Hivyo hivyo, mama."

"Lakini daktari, nguo ukiibana na mwenyewe akazidi kunenepa, mshono unafumuka."

Hakucheka. Alivua miwani. "Hata huu unaweza kufumuka. Pini zinaweza kuachia, mfuko unaweza kutanuka. Mimi nitafanya nusu yangu. Nusu nyingine ni yako." Kisha akanipa sharti: mpaka siku ya kulazwa nile vyepesi tu, supu ya mboga, uji mwepesi. "Ukija mzito kuliko leo, sikugusi. Nitakurudisha Voi."

Nilirudi na maneno hayo ndani ya treni. Nje nyika ilikuwa ikikimbia, kijivu, kimya, haina wa kuulizwa kitu, nami najiambia: nusu yangu ndiyo ile ninayoshindwa kila mwaka.

Siku hizo kwaya ilikuwa ikibadilisha sare. Mnakumbuka kile kitambaa cha samawati. Nikajikatia nguo mbili. Moja ndogo, ya mwanamke niliyetamani kuwa, nikaitundika nyuma ya mlango. Nyingine kubwa, kipimo changu kile kile na nafasi ya ziada, nikaikunja chini kabisa ya sanduku. Ile ndogo nilikuwa naitazama. Ile kubwa nilijua ndiyo nitakayovaa.

Halafu mkaanza ninyi.

Mliposikia kwamba nakwenda kupunguzwa tumbo, mlifanya nini? Mlipika! Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na anayekwenda kupasuliwa ndiyo kabisa. Zikaja chapati. Yakaja maharagwe ya nazi. Mwingine akashuka kutoka Mghange na mkungu mzima wa ndizi. "Kula, mama, huko damu itakutoka." "Kula, si wanakufunga tumbo? Basi agana na chakula." Niagane na chakula! Nikikataa, "Ameshaanza maringo ya Nairobi." Nikionja, "Hicho ni nini, unalisha kuku? Ongeza!" Mmoja wenu, simtaji, na asiiname sana tutamjua, alikaa akinihesabia matonge mpaka sahani ikawa nyeupe.

Nami nilikula. Kidogo cha huyu, kidogo cha yule, kwa heshima. Nikajipima kiuno kwa tepu yangu ya kazini, na tepu ikaniambia nimeongezeka. Siku ya kulazwa imekaribia, nami naongezeka!

Ndipo mama mkwe alipoingia kutoka Wusi, amebeba kimanga. Muhogo na maharagwe vimepondwa mpaka vinang'aa, vimefungwa kwa jani la mgomba, bado vina joto. Mnajua kukataa kimanga cha mama mkwe ni kitu gani. Mume wangu anajua pia, ndiyo maana alikumbuka ghafla kwamba ana kazi stesheni.

Akakiweka mbele yangu. Nikakitazama. Nikapasuka.

"Sili! Mama, sili! Nimechoka kulishwa!"

Akanitazama. "Unanipigia kelele mimi, au kimanga?"

"Wote wawili!"

"Unaogopa kufa?"

"Kufa siogopi. Naogopa kurudi nikiwa vile vile. Watasema Tenki limepasuliwa bure." Nikafungua sanduku, nikatoa ile nguo kubwa, nikamtupia mapajani. "Tazama. Nimeshajishonea ya kurudia."

Aliigeuza ndani na nje. Akapitisha kidole kwenye mshono.

"Na mshono wenyewe mzuri," akasema. "Hofu unaishonea nguo safi hivi? Mimi mkweo hujanishonea hata kamisi." Kisha hasira ikampanda yeye. "Na kwa nini hukuniambia kwamba umekatazwa? Nimeponda tangu alfajiri, mgongo huu, nikashuka mlima nacho kichwani!"

"Ungesema nakudharau."

"Ningesema, ndiyo! Ningesema sana. Halafu ningenyamaza, tungepanga."

Akavuta kijiko, akaanza kukila mwenyewe. Alikula akiwa amekasirika, hakubakisha. "Kimanga changu hakirudi Wusi," akasema. Kisha akachukua kigoda, akaenda kukaa mlangoni, na hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka.

Tangu hapo kila aliyekuja na chungu alimkuta yeye. "Mgonjwa amelala. Lete hapa. Mimi ndiye tumbo lake." Akala vyenu vyote, akasifu, akaosha vyombo, akarudisha. Hakuna aliyeweza kusema tumekataa chakula. Mimi alinipa supu ya mchicha, akinung'unika kwamba hayo ni maji ya kuoshea mboga, lakini alinipa.

Hospitalini daktari alitazama mzani, akanitazama, akasema, "Karibu, mama." Ndugu zangu, hofu haikubaki Voi. Ilipanda treni nami, ikalala nami wadini. Lakini haikuwa tena siri ya sandukuni. Kuna mtu aliyekuwa ameishika mapajani, akaikagua mshono, na bado akanipikia.

Nilipasuliwa, nikarudi. Sijawa mwembamba, mnaniona. Ile nguo ndogo haikunitosha, nikaifumua pembeni nikaiachilia kidogo. Ndiyo hii niliyovaa. Haina kipande cha rangi nyingine. Magoti yamenyamaza, nami nasimama mstari wa mbele. Nusu yangu naifanya kila siku mezani, na siku nyingine naifanya vibaya, kesho yake naianza tena.

Namshukuru Mungu, na daktari aliyeniambia ukweli, na mume wangu, ingawa alikimbilia stesheni. Hata ninyi nawashukuru, maana mlinipenda, hata kama mlinipenda kwa sufuria. Ninachowaomba ni hiki: mkiogopa kushindwa, msiikunje hofu mkaificha. Itoeni, mumpe mtu aishike. Na ukimtembelea mgonjwa, muulize kwanza anakula nini!

Ama ile nguo kubwa, haikupotea. Nilipotoka Nairobi nilimkuta mama mkwe bado yuko mlangoni kwenye kigoda, kanga haimtoshi tena kiunoni. Akaniuliza, "Ile ya samawati bado ipo?" Nikamwambia ipo. "Basi ilete." Ilimkaa kana kwamba nilimpima yeye.

Tafadhali Mama, usisimame, wameshakuona. Ndugu zangu, nawaomba kwa jina la Bwana, sasa acheni kumpelekea chakula. Nafasi ya ziada kwenye mshono imekwisha.