Mkunga Aliyeuliza na Kungoja Jibu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkunga wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisi imemwandalia saa ya ukutani na hotuba. Hotuba nimeiona: inamsifu kwa kuwahi kazini. Katika yote aliyoyafanya hapa, hilo ndilo wakubwa wetu waliloliona.

Jina la Bi Kiti tulimpa sisi wa wodi ya wazazi, kwa kuwa alikuwa akiburuta kiti hadi kitandani, anakaa, anamuuliza mama analalaje na anamwonaje mtoto, kisha ananyamaza kungoja jibu. Tulidhani anapumzisha miguu. Siku moja tukamfichia kiti. Akageuza ndoo, akaikalia, akaendelea.

Enzi hizo mama aliyelia mwezi mzima baada ya kujifungua tulimjua: anadeka. Asiyetaka kumshika mwanawe, mvivu. Daktari bingwa mmoja mwenye vyeti ukuta mzima alimwamuru mjamzito aache dawa za sonona siku hiyo hiyo, eti mimba ni furaha tosha. Bi Kiti alimfuata bingwa huyo akamweleza, kwa adabu iliyouma kuliko matusi, kwamba zipo dawa ambazo mjamzito na anayenyonyesha huweza kutumia akifuatiliwa vizuri, na kwamba kuzikatiza ghafla kuna hatari. Bingwa alisema hafundishwi na mkunga. Wiki iliyofuata akamrudishia mgonjwa dawa, na siku hizi anatoa mihadhara juu ya jambo hilo kana kwamba alizaliwa akilijua.

Kisha zikaja fomu za maswali kumi, ili kila mama aulizwe hali ya moyo wake. Tukazijaza bila kumuuliza mtu. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Wakaguzi wakatupongeza, wodi nzima haina mwenye huzuni. Bi Kiti alizisoma, akatuuliza wodi hiyo iko jengo gani ili naye aombe uhamisho. Tulicheka sana, wajinga sisi.

Akaanza kuuliza upya, kitanda kwa kitanda. Kitanda cha nne alilala mdogo wangu wa kike. Fomu yake niliijaza mimi, nikiwa nimesimama, huku natafuna karanga. Alimwambia Bi Kiti kwamba hataki tena kuishi, na siku ameshaichagua. Alikuwa akiumwa tangu mimba ya miezi sita, na mimi, muuguzi mzima, sikuona, ingawa tulikuwa tukiishi nyumba moja.

Bi Kiti hakumwacha peke yake. Alimpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, akaanzishiwa dawa, akawa anaonana na mshauri kila wiki, na mama yetu akafundishwa kumsaidia badala ya kumsema. Ilichukua miezi saba, na baadhi ya wiki mambo yalirudi nyuma. Leo mwanawe yuko darasa la pili, na wanagombana kila asubuhi kuhusu soksi.

Ofisi ilitaka niifute habari ya fomu katika maandishi haya, isije ikaharibu sherehe. Mdogo wangu amekataa, anasema ni yake na isomwe.

Bi Kiti, asante, na utuwie radhi. Nenda salama, ulale utakavyo, afya ikufuate. Ukifika ukumbini, tazama safu ya mbele: mdogo wangu atakuwa ameketi hapo, na mwanawe.