Choo cha Ukuta Mmoja

"Wewe si yule fundi rangi aliyetoa ushahidi mahakamani?" muuza nyanya alimuuliza jirani yake wa kiti ndani ya basi. Fundi alitaka kukana, lakini viatu vyake vilivyojaa madoa ya rangi vingemsuta.

"Ndiye mimi, mama."

"Mungu akuzidishie! Diwani kala pesa za choo cha soko, kisha anamwonyesha hakimu picha, eti kimejengwa!"

"Picha ya ukuta wa mbele na mlango. Mimi niliitwa kupaka hapo tu. Ndiyo maana nikamwomba hakimu aende mwenyewe akaufungue huo mlango."

"Akaufungua, akakutana uso kwa uso na mbuzi wangu anakula majani!" Basi zima likaangua kicheko, hata kondakta aliyekuwa amenuna tangu asubuhi.

Fundi alitabasamu nusu. "Diwani kafungwa, sawa. Ila halmashauri ndiyo iliyokuwa ikinilisha, na sasa hakuna anayepokea simu yangu."

"Kwani halmashauri peke yake ndiyo yenye kuta?"

Basi likasimama sokoni. Mama akaunyakua mfuko wa brashi uliokuwa miguuni pa fundi, akashuka nao. "Nifuate, mwanangu. Vibanda vyetu vimepauka."